Mwenye Ufunguo wa Stima

Tak.

Hata leo nikikaa mahali pametulia naisikia. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa swichi kuu ya chuma, ile ya ndani ya sanduku la stima pale getini, ikishushwa na mkono usio na haraka. Tak. Halafu feni ya kompyuta yangu inaanza kukata pumzi, kioo kinanywea, kinabaki na kitone kimoja cheupe katikati, na hicho kitone nacho kinazimika. Mimi nimebaki na vidole juu ya herufi, katikati ya jina la marehemu wa watu.

Mwenye mkono huo alikuwa keateka wetu, mtunzaji wa ploti ya nyumba za kupanga. Nasema wetu, lakini sidhani kuna aliyejua alizaliwa wapi au ana watoto wangapi. Keateka hukumbukwa maji yakipotea. Alikuwa mama mrefu, mwembamba, mwenye kofia ya sufu kichwani hata jua likichoma, na gambuti zilizomzidi miguu, zikipiga plap plap uwanjani. Ufunguo wa sanduku la stima aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Nadhani hata akioga hakuuvua.

Ploti yenyewe ilikuwa mtaa wa Satellite, ukiacha Naivasha Road unaingia ndani kidogo. Vyumba kumi na viwili vilivyotazamana, sita huku, sita kule, katikati uwanja wa kufulia, na chumba chake yeye pembeni mwa geti. Mimi nilikaa namba nne. Mchana niliuza katika duka la vitabu na kalamu mjini, na jioni na Jumamosi nilikuwa mtu mwingine kabisa: nilikuwa mwenye kompyuta. Niliinunua ya mkono wa pili, ofisi moja ya mjini ilipokuwa ikitoa vitu vyake vya zamani. Kioo chake kilikuwa kinene kama sanduku la soda. Ilikuwa ya pekee ploti nzima. Nilichapia watu barua za kuomba kazi, kadi za kamati za harusi, na zaidi ya yote programu za mazishi. Kichwani nilishakuwa na ofisi yangu, na ubao wa rangi ya samawati wenye jina langu. Niliuona ule ubao kila nikifunga macho. Sasa fikiria mtu wa ndoto kama hizo anakaa chini ya mtu ambaye akiona wingu upande wa Ngong anashusha swichi.

Hakungoja mvua. Upepo ukigeuka, tak. Taa ikikonyeza mara mbili, tak. Stima ikipotea yenyewe, mtaa mzima gizani, bado alikwenda kuishusha swichi yetu, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba iliyokwisha kuibiwa. Nilimuuliza kwa nini. Akanitazama vile alivyotazama kila mtu, kwanza mikononi, halafu usoni.

"Stima ikitoka haina neno," akasema. "Kurudi ndio mbaya. Inarudi kama bwana amelewa. Unafungulia yeye na bado anapiga teke mlango? Wacha akae hapo nje kwanza, atulie."

Na kutulia kwa stima alikupima kwa njia yake. Alikuwa na balbu moja ya zamani kwenye kishikio cha mbao, yenye waya wake. Stima ikirudi kwa majirani, aliichomeka ile balbu peke yake kwenye soketi iliyokuwa kando ya sanduku, vyumba vyetu vyote bado vikiwa vimekatwa, halafu akasimama mbele yake mikono nyuma na kusali Baba Yetu. Yote, mpaka Amina. Midomo ikicheza, macho hayatoki kwenye balbu. Balbu ikiyumba hata kidogo kabla ya Amina, alirudi mwanzo. Kuna Jumapili moja alirudi mwanzo mara nne, wapangaji wamejipanga milangoni kama watu wanaongoja ugali. Baba Steve wa namba tano, aliyekuwa na televisheni kubwa kuliko zote, alimwambia kwa heshima kabisa, "Keateka, si ungechukua ile sala fupi, ya kula?" Tulicheka mpaka mtoto akaamka. Yeye hakugeuka. Akaanza upya.

Baba Steve ndiye aliyempa jina la Waziri wa Giza. Mbele yake alimwita Keateka kama sisi wote.

Sijui kama alimwamini mtu yeyote. Mafundi wa stima aliwafuata nyuma hadi wakakasirika, akihesabu misumari waliyotoa ukutani na waliyorudisha. Soketi zetu alizinusa, kweli alizinusa, aliinama akavuta hewa kama mtu anayekagua maziwa ya jana. Ukutani aliweka nyuma ya mkono, si kiganja. "Kiganja kikishika kinang'ang'ania," alisema. Na kalamu! Ole wako akukute na kalamu karibu na soketi. Mnajua sisi wote tunavyofanya, plagi ya miguu miwili haiingii kwenye soketi ya matundu matatu, unachokoa lile tundu la juu kwa kalamu, linafunguka, unasukuma. Yeye alizinyang'anya. Chumbani mwake kulikuwa na mkebe wa maziwa ya unga umejaa kalamu za watu, hata zangu za dukani.

Juu ya kifuniko cha sanduku la stima aliegemeza njiti ya kiberiti. Ikiwa chini, alijua kuna mtu amefungua. Hiyo nilijifunza kwake. Nilianza kuegemeza njiti yangu mwenyewe kwenye mlango wa namba nne, kwa sababu ploti ile ilikuwa hivyo: ukikaa karibu na mtu anayeshuku, mwishowe unashuku naye, na siku moja unamshuku yeye.

Na mambo ya kumshuku hayakukosa. La kwanza, chumba chake mwenyewe hakikuwa na stima. Alikata waya akautoa, akakaa na taa ya mafuta. Keateka mwenye ufunguo, anakaa na taa ya mafuta? Watu wakasema ameuza hata sehemu yake. La pili, nyuma ya ukuta wetu kulikuwa na mtu wa kuchomelea mageti, na mara nyingi sisi tukiwa tumezimiwa, cheche zake zilikuwa zikiruka. La tatu ndilo lililokaa vichwani mwetu: waya mweusi uliotoka nyuma ya chumba cha Keateka, ukapanda ukuta, ukaenda upande wa yule mchomeleaji. Baba Steve aliuona akiwa juu ya mabati akigeuza antena. Tangu siku hiyo kila tak ilikuwa na maana. Anatuzimia ili auze huko. Hakuna aliyekwenda kumuuliza. Mimi pia sikuuliza. Nilikuwa nimepoteza programu ya mazishi ya kurasa nane mara mbili kwa wiki moja, na mtu aliyepoteza kurasa nane haulizi sana.

Lakini pia, na hapa ndipo ananichanganya mpaka leo, ndiye aliyeniletea kipande cha mbao nikaiinua kompyuta kutoka sakafuni, siku maji ya mvua yalipoingia chini ya mlango. Aliniwekea tu, akaondoka plap plap. Na ndiye aliyenikaribisha chai nilipougua homa, chai ya tangawizi kali, akakaa mlangoni akinitazama ninywe yote kana kwamba nitaimwaga.

Siku moja nilirudi kutoka mjini nimefurahi sana. Nilikuwa nimepanda ngazi za jengo moja la vyombo vya umeme, nikanunua ekstensheni nyeupe yenye taa nyekundu, ile wauzaji wanasema umeme ukizidi inauzuia, mashini inapona. Nilimwonyesha kwa majivuno: sasa hata asizime, mimi nimejikinga. Aliipima mkononi. Akaitikisa sikioni. Akaniuliza kama nimempa mtu mkono nilipokuwa nikiinunua, nikasema ndiyo, muuzaji alikuwa na adabu; akaguna, kana kwamba adabu hiyo ndiyo iliyonitapeli. Akatoa kisu cha jikoni akafungua skrubu moja moja. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya shaba, na ile taa nyekundu. Basi. Hakuna kingine.

"Hii ni taa," akasema. "Wewe unalindwa na taa."

Ningemshukuru. Badala yake, nikienda kulala, nilijiuliza kama kulikuwa na kitu ndani akakitoa kabla sijaona. Nilikuwa nimekaa pale pale, macho yangu yalikuwa kwenye mikono yake. Na bado nilijiuliza. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimefika.

Halafu ukaja msimu wa mpira. Wanaume wa ploti walichoka kuzimiwa katikati ya penalti, wakavunja kufuli la sanduku, wakaweka lao, na ufunguo akakaa nao Baba Steve. Walimwambia Keateka ni mpaka mechi ziishe. Alibaki na ule wake shingoni, ufunguo usiofungua kitu. Nakumbuka wiki ile alikuwa akipita mbele ya sanduku, anasimama, anagusa kufuli, anaendelea. Nilimwonea huruma. Pia nilichapa programu tatu bila kukatizwa, kwa hiyo huruma yangu haikuwa na miguu.

Jumamosi hiyo nilikuwa kanisani, mazoezi ya kwaya. Kulikuwa na manyunyu na upepo. Kompyuta nilikuwa nimeiacha inawaka, kosa langu, nikijua nitarudi upesi kumalizia kazi ya mazishi iliyokuwa ikichukuliwa jioni. Niliporudi, uwanja ulikuwa mtupu, kila mtu alikuwa kwa Baba Steve, kelele za mpira zinatoka. Nikafika namba nne. Njiti ya kiberiti iko chini. Mlango uko wazi. Na Keateka amepiga magoti kando ya meza yangu, kichwa chini ya kioo, mkononi ameshika waya wa kompyuta yangu.

Alikuwa na ufunguo wangu wa akiba. Mimi mwenyewe nilimpa, siku za kwanza, kabla sijajifunza kushuku.

Nilimwita mwizi. Nataka niliandike hili bila kulipamba: nilimwita mwizi, kwa sauti ya kwaya, sauti niliyofundishwa itoke tumboni. Watu wakatoka kwa Baba Steve, wakajaa mlangoni. Yeye aliinuka polepole, waya bado mkononi, akaniambia mimi tu, "Sijagusa mashini. Nimechomoa tu." Uso wake ulikuwa umebadilika kuliko neno langu lilivyostahili kuubadilisha. Alikuwa kama mtu anayesikia jambo kwa mara ya pili.

Kabla mtu hajajibu, taa ya barazani ikawa nyeupe. Si kung'aa kwa kawaida, ilikuwa nyeupe ya kuumiza macho. Ikapasuka. Ikafuata ya namba tatu, ya namba sita, na kwa Baba Steve pakatoka mlio kama wa mtu anayerarua shuka, halafu moshi, na harufu ile ya plastiki iliyoungua ambayo haitoki kwenye pazia. Watu walikimbilia sanduku. Lilikuwa na kufuli la Baba Steve, na ufunguo wake ulikuwa kwenye suruali aliyoivaa shemeji yake kwenda dukani. Upande wetu wote, hakuna televisheni wala redio iliyopona.

Kompyuta yangu ilipona. Waya wake ulikuwa umelala sakafuni kama nyoka aliyeuawa.

Ungedhani mtu angempigia Keateka makofi. Lakini mnasahau tulivyokuwa. Ikajulikana kwamba dakika chache kabla alipita mlango kwa mlango akiwaambia watu wachomoe vitu, na Baba Steve akamjibu kwamba leo giza limefungiwa, aende apumzike. Na hilo likageuka kuwa ushahidi. Alijuaje? Baba Steve aliliuliza swali hilo akiwa ameketi juu ya televisheni yake iliyokufa, na kila mtu akaliuliza baada yake. Kama si yeye na yule mchomeleaji wake, alijuaje? Kisha macho yakaja kwangu. Mbona yako imepona? Mbona alikuja kwako peke yako?

Ndipo Baba Steve aliposema iandikwe barua kwa landilodi, mwenye ploti, na aliponitazama nilielewa kwamba hilo ndilo jibu langu. Mwenye kompyuta alikuwa mmoja. Kuichapa kungeonyesha niko upande gani.

Niliichapa. Stima iliporudi Jumapili, niliichapa kwa mashini ile ile aliyoiokoa. Sisi wapangaji. Tunashuku. Waya unaopita ukutani. Kuingia katika vyumba vya watu. Nilirekebisha hata nukta, maana napenda kazi safi. Chini hapakuwa na jina la mtu, paliandikwa Wapangaji tu. Landilodi hakuja hata kuuliza. Kabla ya wiki kwisha, Keateka alitoka na godoro, sufuria na mkebe juu ya mkokoteni. Mimi nilikuwa kazini mjini. Nilichelewa kurudi makusudi.

Siku chache baadaye mafundi wa stima walipanda mlingoti wa nje. Mmoja akapiga kelele kutoka juu ya ngazi kwamba waya wa nyutro, ule wa kusawazisha stima, ulikuwa umelegea, unacheza na upepo, ukiachia, upande mmoja unapata stima kidogo na mwingine unapata maradufu. Baba Steve alisikia. Mimi nilisikia. Tukatazama chini, kila mtu viatu vyake. Nilizunguka nyuma ya chumba kitupu nikauona ule waya mweusi kwa karibu. Ulikuwa umefungwa kwenye msumari huku, na kwenye msumari mwingine juu ya ukuta kule. Ulikuwa na vibanio vitatu vya nguo. Hakuamini kuanika nguo zake uwanjani pamoja nasi.

Miaka ikapita, na nikapata ofisi, kama meza na ukuta wa mbao kwenye ghorofa ya pili karibu na River Road inaitwa ofisi. Ubao haukuwa wa samawati, mwenye jengo alikataa. Siku moja mchana nasikia plap plap kwenye ngazi. Nilijua kabla sijainua kichwa.

Kofia ilikuwa ile ile. Alikuwa amekonda zaidi. Alitazama mikono yangu kwanza, halafu uso, akaketi kwenye kiti cha wateja na kusema anataka barua ya kuomba kazi, kuna ploti mpya Uthiru wanatafuta keateka. Alisema kama tulionana jana. Nilianza kuchapa anwani. Nikaona siwezi kuendelea.

"Mama," nikasema, "ile barua ya Satellite. Ni mimi niliichapa."

"Najua," akasema. "Ploti nzima komputa ilikuwa moja."

Alikuwa akitazama soketi nyuma yangu. Nilimuuliza, kwa sauti ndogo, alijuaje siku ile. Akaniambia bila kupamba, macho ukutani, kwamba zamani alikuwa msichana wa kazi Loresho, nyumba ya watu wenye uwezo, na mchana mmoja aliona taa za jikoni zinafifia huku za sebuleni zinang'aa, akadhani ni kawaida. Komputa ya mwenye nyumba ikaungua. Walimkuta amesimama mbele yake na kitambaa cha vumbi. Walimuuliza umegusa nini. Alisema hajagusa. Walimuuliza siku mbili, halafu wakamfukuza.

"Hiyo Jumamosi ilikuwa vile vile," akasema. "Huko chooni giza, huku kwenu inang'aa. Nikasema hii ya huyu msichana haitaungua nikiangalia."

Nilimwambia nitaandika barua nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, nitasema ni mwaminifu, ni hodari, ni mcha Mungu. Alinikatiza.

"Andika nilikuwa nafunga stima kukiwa na shida. Inatosha. Na hapo chini wanataka mtu wa kuulizwa." Akaonyesha kioo kwa kidole. "Weka jina lako. Ile ingine haikuwa na jina."

Niliweka majina yangu yote matatu, na namba ya simu, na sahihi. Aliisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Akaikunja mara nne akaiingiza ndani ya kofia. Mlangoni aligeuka, akaniuliza kama siku hizi nachomoa. Nikasema nachomoa. Sidhani aliniamini. Plap plap, ngazi zikammeza.

Haikupita saa moja stima ya jengo ikapotea. Nilichomoa kila kitu, kimoja baada ya kingine. Kutoka vibanda vingine nikasikia watu wakishangilia ilipokuwa inarudi, na mashini zao zikianza kunguruma. Mimi nilivuta droo, nikatoa balbu niliyokuwa nimeiweka humo tangu nihamie, ya kwangu, kwenye kishikio cha mbao. Nikaichomeka peke yake. Nikasimama mbele yake mikono nyuma, nikaanza Baba Yetu, kimya kimya. Nikaenda vizuri mpaka pale pa kuomba kusamehewa makosa, na pale balbu ikayumba, kidogo tu, mtu mwingine asingeona.

Nikarudi mwanzo.